Ukungu Ndani ya Behewa

Mwaka 1986 mpiga picha wa Afrika Kusini, Santu Mofokeng, alipanda treni za wafanyakazi kati ya Soweto na Johannesburg akapiga picha za abiria waliogeuza behewa kuwa kanisa. Waliimba, wakapiga ngoma kwa viganja kwenye kuta za behewa, wakaombeana njiani kwenda kazini. Mfululizo huo mweusi na mweupe aliuita Train Church, nami sijachoka kuutazama.

Mteja wa studio angezikataa picha hizo. Mikono imefifia, nyuso zimebebwa na mtikisiko, vivuli vimemeza nusu ya watu. Behewani mwanga ni haba. Kamera hulazimika kukaa wazi muda mrefu kidogo, na kila kinachosogea huacha mkia. Filamu inayohimili kiza nayo ina chembe kubwa za fedha, ndiyo maana picha hukwaruza macho kama iliyonyunyiziwa mchanga. Fleshi ingefuta ukungu huo, na pamoja nao ingefuta mwendo wa treni, joto la miili, hata sauti ambayo naapa naisikia. Na Mofokeng hakukosa ujuzi: kabla ya hapo alikuwa msaidizi wa chumba cha giza magazetini, akijua vizuri picha safi inavyosafishwa.

Mpiga picha mwenzake, Ernest Cole, alimtangulia kwa miaka ishirini hivi. Alificha kamera katika mfuko wa chakula akaingia nayo mgodini, akawapiga picha wanaume waliopangwa uchi ukutani, mikono juu, wakisubiri kupimwa afya. Picha hiyo wengi wanaijua. Mimi hurudia ile ya darasani: mtoto amechutama katikati ya msongamano, anajitahidi kumfuata mwalimu, na jasho linamtiririka shavuni. Hakuna polisi, hakuna rungu. Ingekuwa ya rangi, huenda jicho langu lingekimbilia nguo za watoto. Hapa kila kitu ni kijivu, na jasho ndilo linalong'aa. Ukilipita haraka, umeikosa habari yote ya shule za Waafrika chini ya ubaguzi.

Cole alitoroka nchini mwaka 1966. Mwaka uliofuata picha zake zilitoka katika kitabu House of Bondage, na serikali ya makaburu ikakipiga marufuku, jasho la mtoto pamoja na uchi wa wachimba migodi.