Zimwi Likujualo: Hofu katika Simulizi za Ziwa kwa Wasomaji Vijana

Ngano za kutisha aghalabu hupimwa kwa mizani ya malezi: zinafaa zikimtia mtoto adabu, hazifai zikimkosesha usingizi. Mizani hii haitoshi kwa simulizi za Wajaluo wa ufuo wa Ziwa Viktoria, hasa zinapowalenga wasomaji wa miaka 12 hadi 15. Makala haya yanadai kwamba chanzo cha hofu katika simulizi hizo ni watu wazima wanaomjua mhasiriwa, na kwamba dubwana ni kisingizio chao tu.

Kisakale cha Simbi Nyaima, ziwa la kasoko lililo karibu na Kendu Bay, ni mfano wa kwanza. Bikizee mgeni anafika kijijini usiku, watu wakiwa katika karamu ya pombe. Mkuu wa kijiji anamkataa. Mwanamke mmoja tu ndiye anayemhifadhi. Mwanamke huyo anaonywa aondoke, kisha mvua inanyesha na kijiji kinazama. Hamna zimwi hapa. Kinachomtisha kijana ni kwamba watoto nao wanazama, ilhali hawakuulizwa kama mgeni apokewe au afukuzwe.

Uzito wa kisa unaongezeka fanani akizingatiwa. Cohen na Atieno Odhiambo, katika kitabu chao *Siaya* (1989), wanaeleza kwamba *pim*, mwanamke mzee aliyewalea watoto katika *siwindhe*, mara nyingi hakuwa wa ukoo huo. Kisa cha bikizee mgeni aliyefukuzwa kikitoka kinywani mwa bikizee mgeni, hadhira iliyolala chini ya paa lake ilikuwa na sababu ya kusikiliza kwa makini.

Grace Ogot analikuza jambo hili katika "The Rain Came", hadithi iliyomo katika *Land Without Thunder* (1968). Oganda, binti wa mtemi Labong'o, anateuliwa atolewe kafara kwa dubwana la ziwani ili mvua inyeshe. Dubwana hilo halionekani hata mara moja. Kinachoonekana ni ukoo unaosherehekea, na wazazi wanaolia lakini hawakatai. Kiswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hapa methali hiyo inasutwa, maana wanaomjua Oganda ndio wanaomtoa mzimamzima. Osinda anamwokoa, na mvua inanyesha ingawa kafara haikutimia. Tukio hilo linatosha kuitia shaka hekima ya wazee. Hata hivyo, wokovu wa mkono wa mpenzi una udhaifu wake: unamwondoa Oganda kabla hajakabiliana na waliomtoa, na lawama inabaki bila wa kuijibu.

Katika *sigana*, fanani hufunga kwa "Thu tinda" na kujitakia kimo cha mti wa kwao mjomba. Asenath Bole Odaga aliyatumia maneno hayo kuwa anwani ya mkusanyiko wake wa 1980. Kaida hiyo ni mlango wa kutokea: mtoto hutoka katika hofu akiwa ameahidiwa kukua. Hadithi ya Ogot haina mlango huo.

Suala hili linawahusu waandishi wa Kiswahili. Kijana anayekulia Kibuye mjini Kisumu, kando ya soko ambamo Dholuo, Kiluhya, Ekegusii na Kiswahili husikika pamoja, huweza kukutana na ngano hizi bila *siwindhe* wala *pim*. Mwandishi anayemsimulia kwa Kiswahili hushawishika kumgeuza kila adui kuwa zimwi la kuuawa katika ukurasa wa mwisho. Akifanya hivyo atamburudisha kijana, lakini atakuwa amewafutia hatia watu wazima wa Simbi na wa ukoo wa Labong'o.

Kiswahili kina kaida yake ya kufungia inayoweza kumfaa mwandishi huyo. Fanani humalizia kwa kusema kwamba uzuri wa hadithi ni wa wote, na ubaya wake ni wake peke yake. Mtu mzima kuukubali ubaya mbele ya watoto ndilo jambo ambalo mkuu wa Simbi na mtemi Labong'o hawakulifanya.