Kisu kiliingia katikati ya kidonda

Mliokuwepo kwenye wasilisho la kesi ile hapa Mpanda mliiona picha ya mgongo wa yule mama, mkulima wa tumbaku. Chini kidogo ya bega kulikuwa na lengelenge jipya, laini, maji yake bado meupe. Pembeni yake kulikuwa na kidonda kibichi kinachokaribia ukubwa wa kiganja, ngozi ya juu imeshaondoka kitambo. Mwenye kisu alikuwa na vyote viwili mbele yake. Akaliacha lengelenge, akakata kinyama katikati ya kidonda.

Sioni namna ya kulitetea hilo. Magonjwa ya malengelenge husomwa kwa jambo moja kabla ya yote: ngozi imepasukia ghorofa gani. Ukimpelekea mpatholojia kinyama kisicho na ngozi ya juu, umempelekea nyumba iliyokwishabomolewa na kumwomba akuambie ufa ulianzia wapi. Akajibu alichoweza kujibu: kidonda, uvimbe usio mahususi. Ukumbini watu wakacheka kwa uchungu, kisha wakaanza kumsema mpatholojia, kwamba hawa wa maabara za mbali majibu yao ni yale yale siku zote. Nilishindwa kunyamaza siku ile na sinyamazi leo. Jibu lilikuwa sahihi kwa kinyama alichopewa.

Tuirudie picha polepole. Kwenye pemfigasi ya kawaida seli za ngozi ya juu huachana zenyewe kwa zenyewe, na mpasuko hupita juu tu ya safu ya chini kabisa. Safu hiyo hubaki imeshika sakafu, seli zake zimesimama wima moja moja, na ndani ya nafasi iliyobaki unakuta seli zilizoviringika zikielea peke yake. Paa la lengelenge ni jembamba, ndiyo maana linalegea na kupasuka upesi, na mgonjwa anakufikia akiwa na vidonda vingi na malengelenge machache. Kwenye pemfigoidi mpasuko uko chini ya ngozi ya juu yote. Paa ni nene, lengelenge limekaza kama limejazwa pampu, na chini yake mara nyingi eosinofili zimejaa. Walter Lever aliyatenganisha magonjwa haya mawili mwaka 1953 kwa kutazama hilohilo: mpasuko uko wapi. Sasa kwenye kidonda kibichi, sakafu iko wapi na paa liko wapi?

Kinyama kilitakiwa kitoke ukingoni mwa lengelenge lile la begani, kipande kidogo cha lengelenge na sehemu kubwa ya ngozi nzima iliyo jirani. Tena lengelenge lenye umri wa chini ya siku moja, kwa sababu likikaa, ngozi mpya huanza kutambaa chini yake kutoka pembeni na kwenye vinyweleo, na mpasuko wa chini ya ngozi unaanza kuonekana kama wa ndani ya ngozi. Msomaji wa slaidi anadanganyika bila kosa lake. Lingekuwa lengelenge dogo, ningelikata lote na kipande cha pembeni. Na kile kisu cha duara cha milimita 4, ambacho kila mtu anakipenda kwa sababu ni chepesi, hapa kinahitaji adabu: ukikizungusha kwa nguvu juu ya ngozi inayojivua, paa linabaki kwenye kisu na sakafu inabaki kwa mgonjwa. Wembe wa kawaida na mkato mwembamba wa mviringo mrefu ni salama zaidi.

Kosa la pili lilipita haraka kwenye slaidi iliyofuata na sijui ni wangapi walilinasa. Vinyama vilikuwa viwili, na vyote viwili vilitumbukizwa kwenye fomalini. Tangu Beutner na Jordon walipoonyesha mwaka 1964 kwamba damu ya mgonjwa wa pemfigasi ina kingamwili zinazoshambulia ngozi yake mwenyewe, kinyama cha pili kina kazi yake: kinachukuliwa kwenye ngozi nzima karibu na lengelenge, kisha kinapelekwa kutazamwa kwa mng'ao, mahali kingamwili zilipojibandika. Fomalini inaua ushahidi huo. Maji ya chumvi yaleyale ya dripu yanakihifadhi kwa muda wa siku moja hivi. Kwa safari ndefu kuna maji ya Michel. Kutoka hapa hadi KCMC, Moshi, ni zaidi ya kilomita 1,000, kwa hiyo siwezi kumlaumu mtu kwa kukosa kipimo hicho. Ila kama huna mpango wa kukifanya, kinyama cha pili ulikikata cha nini?

Mengine mengi yalikwenda vizuri: historia ilichukuliwa kwa makini, kinywa kilifunguliwa na kutazamwa, kipimo cha VVU kilirudiwa, maji na usafi wa ngozi vilisimamiwa na wauguzi wa wodi ile kwa namna ya kusifiwa.

Sasa nirudi kwenye wimbo wangu wa zamani, wanaonifahamu walishautarajia. Jibu la awali la kesi ile halikuhitaji Moshi wala Mwanza. Lilihitaji Giemsa. Kila maabara ya mkoa huu iliyowahi kusoma malaria kwa hadubini inaijua Giemsa. Arnault Tzanck aliwaonyesha watu mwaka 1947 jinsi ya kukwangua sakafu ya lengelenge na kusoma seli zake, na mbinu hiyo haijazeeka. Chagua lengelenge bichi. Kata paa upande mmoja, likunje, nyonya maji kwa gozi bila kusugua. Kwa mgongo wa wembe kwangua sakafu na kuta taratibu, mpaka ipate unyevu lakini isitoke damu. Paka kwenye slaidi, acha ikauke, igandishe kwa methanoli, kisha itie rangi kama unavyotia slaidi nyembamba ya malaria. Giemsa ya asilimia 10, dakika kumi.

Kama ni pemfigasi, hadubini itakuonyesha seli za duara zilizoachana na wenzake, kiini kikubwa, na rangi ya bluu iliyokoza pembezoni kana kwamba imekimbia katikati. Kama ni mkanda wa jeshi, tetekuwanga au malengelenge ya virusi jamaa zao, utaona seli kubwa zenye viini vingi vilivyobanana mpaka vikashikana umbo. Ukiona nyutrofili tele na bakteria wa duara, fikiria impetigo ya malengelenge ya watoto. Ila hapo uwe mwangalifu: sumu ya bakteria wale inakata gundi ileile ya desmogleini inayoshambuliwa kwenye pemfigasi, kwa hiyo seli chache zilizoachana zinaweza kuonekana. Eosinofili nyingi bila seli hizo, elekea pemfigoidi. Kipimo hiki hakifungi kesi, wala hakitofautishi aina za pemfigasi. Lakini kinakuambia kinyama ukikate wapi, na kinakupa kitu cha kuandika kwenye fomu.

Mbona hakikufanyika? Hakuna aliyeuliza ukumbini, nami jibu langu ni chungu. Tangu vipimo vya haraka vya malaria vilipoenea, hadubini nyingi zimefunikwa nailoni zikapumzishwa. Sivipingi vipimo hivyo, vimeokoa watu Inyonga na Majimoto usiku ambao umeme haupo. Napinga kijana wa maabara kuzoea mstari mwekundu kwenye plastiki mpaka jicho lake likasahau seli. Wazee waliokuwa wakisoma slaidi za ukoma, bakteria mmoja mmoja, mafuta juu ya lenzi na jua likiwa ndiyo taa, wangeipata kesi ile kabla ya chai ya saa nne.

Kuna swali jingine lililochelewa. Mgonjwa alikuwa ametumia dawa gani? Liliulizwa mwishoni kabisa, na bahati njema jibu halikubadili kitu. Siku nyingine litabadilisha. Ngozi inayobabuka vipande vikubwa na midomo yenye magamba ya damu ni dawa mpaka ithibitike vinginevyo, na Afrika Mashariki tulijifunza hilo kwa gharama. Mwaka 1991 Nunn na wenzake walitoa kwenye jarida la Lancet matokeo ya Nairobi: kati ya wagonjwa wa kifua kikuu wenye VVU waliopewa thiasetazoni, karibu mmoja kati ya watano alipata mzio wa ngozi, kwa wasio na VVU ilikuwa takriban mmoja kati ya mia. Dawa ilikuwa rahisi, kwa hiyo iliendelea kutetewa, na hasira yangu na watetezi wale haijaisha. Kisha ikaja SP, dawa yetu ya kwanza ya malaria kuanzia 2001 mpaka mseto ulipoingia mwishoni mwa 2006, na hofu ya kubabuka ikawafanya watu wengi waikimbie kabisa. Ikafuata nevirapini; leo ni dawa za kifafa na septrini. Ile alama nyeusi ya duara mdomoni inayorudi palepale kila mara mtu anapomeza septrini haihitaji kinyama, inahitaji tu mtu wa kuuliza. Na msimu wa mvua, kabla hujafikiria makubwa, kumbuka kile kidudu chembamba chekundu na cheusi kinachopondwa shingoni usiku: mstari wa malengelenge, na pale ngozi mbili zinapogusana, mstari pacha.

Kuna mtu alisema siku ile kwamba makosa haya ni ya kawaida kwa mkoa uliozaliwa mwaka 2012, wenye mabingwa wa kuhesabu. Sikubaliani. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi, kilianza mwaka 1992 kwa imani iliyo kinyume kabisa cha hiyo. Henning Grossmann na wenzake hawakusubiri mabingwa wapatikane. Walichukua matabibu, watu wanaokaa wilayani, wakawafundisha miaka miwili kutazama, kugusa, kukata na kusoma. Tabibu wa shule ile akikutana na lengelenge, kidole kilitangulia kalamu: anasukuma ngozi nzima iliyo jirani kwa upande, kama alivyofundisha Nikolsky mwishoni mwa karne ya 19, aone kama inateleza. Kidole hakina bajeti.

Barbara Leppard, aliyefundisha palepale, alitupatia mwaka 2002 kitabu chake cha picha za magonjwa ya ngozi ya Kiafrika. Nakitaja kwa sababu kwenye wasilisho lile lile neno "wekundu" lilitumika mara nyingi mno kwa ngozi ambayo haikuwa nyekundu popote. Vitabu vya Ulaya vinasema uvimbe wa ngozi ni mwekundu. Kwa ngozi nyeusi uvimbe ni zambarau, ni kahawia iliyoiva, wakati mwingine ni kijivu tu kama majivu. Soriasisi hapa inaonekana kijivu chini ya magamba meupe. Likeni plana inakuja ya zambarau nyeusi, inawasha kufa, miguuni inaota minene, na ikipona inaacha weusi ambao mgonjwa anauchukia kuliko ugonjwa. Chini ya hadubini likeni inajitaja yenyewe, mkanda wa limfosaiti umekumbatia sakafu ya ngozi ya juu na kuitafuna. Ila lupasi ya ngozi nayo inatafuna sakafu hiyohiyo, na hapo mwenye hadubini anamtegemea aliyemwona mgonjwa amwambie kama makovu yako masikioni na kichwani. Fomu ya kesi yetu ilikuwa na maneno mawili kwenye sehemu ya maelezo: "vidonda, mgongoni". Hakuna neno juu ya kinywa, wala muda, wala malengelenge.

Na kinywa ndicho kilichokuwa kikisema toka mwanzo. Vidonda mdomoni miezi, VVU hana, dawa za fangasi zimerudiwa bila nafuu. Pemfigasi ya kawaida mara nyingi huanzia hapo, wiki au miezi kabla ya ngozi. Katikati ya safari hiyo mgonjwa alipakwa pia zile krimu za tatu kwa moja, steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki ndani ya tyubu moja, zinazouzwa dukani bila swali kuanzia Karema hadi Sitalike. Zinapoza kila kitu nusu na kuficha kila kitu nusu. Kama kuna bidhaa moja ningeitoa kwenye rafu za mkoa huu ni hiyo.

Kinyama cha mara ya pili kilikatwa ukingoni mwa lengelenge jipya, na jibu lilikuja bila mzunguko: mpasuko juu ya safu ya chini, seli zilizoachana, pemfigasi. Prednisoloni ikaanza, baada ya kumchunguza kifua kikuu, kama inavyopaswa. Mwasilishaji akasema kwamba kukwangua lengelenge hakumo kwenye mwongozo wa maabara yao. Basi kuandikwe leo: rangi ipo kabatini, methanoli ipo, na mtu wa kutazama ni yuleyule aliyeajiriwa kutazama. Atakayepokea lengelenge lijalo aanze na slaidi, kisha ndipo ashike wembe.