Maonyesho ya Vitabu ya Nairobi: Kiswahili Kinauzwa, Je, Kinasomwa?

Niko Nairobi kikazi kwa miaka kadhaa sasa, na kila Septemba ikikaribia wenzangu wa idara huko Kampala huniletea orodha ya vitabu vya kuwatafutia. Orodha hiyo ndiyo iliyonifanya niyatazame Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi kwa jicho la mhakiki na si la mnunuzi pekee.

Maonyesho haya huandaliwa na Chama cha Wachapishaji cha Kenya. Yalianza mwaka 1998, na kwa miaka mingi yamekuwa yakifanyika katika jumba la Sarit, mtaani Westlands. Tuseme kweli: yamechangamka. Mabasi ya shule hupanga mstari nje tangu asubuhi, watoto wenye sare hujaa vibandani, wengine hukariri mashairi jukwaani huku walimu wao wakihesabu vichwa. Mtu aliyezoea kudai kwamba Waafrika hawapendi vitabu angefaa akasimame pale mlangoni kwa saa moja tu.

Lakini changamko hilo ni la nini hasa? Nilizunguka vibanda nikiuliza riwaya ya Nagona ya Euphrase Kezilahabi. Muuzaji mmoja, kijana mwenye adabu sana, aliniuliza: "Ni ya kidato cha ngapi, mwalimu?" Hakuwa na nia mbaya. Swali lake lilitokana na namna soko lenyewe lilivyopangwa: kitabu cha Kiswahili huko ni cha darasa fulani, ama hakina rafu ya kukaa.

Rafu zenyewe zinathibitisha. Vitabu teule vya mtihani wa sekondari vimewekwa mbele, na kando ya kila kimoja kuna miongozo miwili au mitatu. Kitabu kinapoondolewa kwenye silabasi, hurudi nyuma ya kibanda, kisha hutoweka. Utengano ya Said Ahmed Mohamed imepitia njia hiyo. Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora ilishika zamu yake, baadaye ikaipisha Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Sisemi kwamba utahini umeidhuru fasihi tu. Bila mtihani, Walibora, aliyefariki mwaka 2020, asingepata wasomaji wengi kiasi kile, na vijana wengi wa Kenya wasingemaliza hata riwaya moja ya Kiswahili. Hilo ni deni, na tulikiri.

Ninachopinga ni mwongozo kuchukua nafasi ya kitabu. Katika Kidagaa Kimemwozea, Mwalimu Majisifu anaiba mswada wa Amani na kuuchapisha kama wake. Ni jambo zito: mwandishi anaandika habari ya mwandishi aliyeporwa, katika nchi ambamo vitabu vya shule hudurufiwa kiharamu na kuuzwa vichochoroni. Mwongozo niliousoma uliligeuza jambo hilo kuwa nukta moja chini ya kichwa "Maudhui: Wizi", ukaendelea na "Sifa za Wahusika". Mwanafunzi atapata alama zake, na atatoka bila kujua kwamba kitabu kilikuwa kinamsema hata yeye aliyekinunua nakala ya wizi.

Jambo la pili ni mpaka. Itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka 2010, ila vitabu vya Dar es Salaam bado ni wageni wa nadra Westlands. Katika Siku Njema, riwaya nyingine ya Walibora, Kongowea anatoka Tanga na kuingia Kenya kumtafuta baba yake. Mhusika wa kubuni amevuka, kitabu halisi kimekwama! Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Nilitumaini kuikuta imepangwa kwa wingi. Nilikuta nakala mbili, pembeni mwa vitabu vya hisabati.

Wachapishaji nao wana kilio chao. Mwaka 2013 Kenya ilianza kutoza vitabu kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na tangu 2018 serikali imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, hatua iliyoyaumiza maduka ya vitabu. Mfanyabiashara aliyebanwa hivyo hatathubutu kuchapa riwaya ya majaribio isiyo na darasa. Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye kitengo cha Kiswahili, husaidia kidogo. Hata hivyo tuzo hutolewa, picha zikapigwa, na mwaka unaofuata kitabu hakionekani.

Nayaeleza haya kwa sababu Uganda tumo njiani. Mtaala wetu wa sekondari ya chini wa mwaka 2020 umekipa Kiswahili nafasi ambayo hakikuwa nayo, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu watatoka katika idara kama yetu. Tayari nimeona kwenye mabegi ya wanafunzi wetu miongozo ya Kenya kuhusu vitabu ambavyo hata hatuvitahini. Pendekezo langu kwa kamati ya mitaala ya idara ni kwamba kila muhula kuwe na riwaya moja isiyotahiniwa, ijadiliwe kwa mdomo, na mwongozo wake usiruhusiwe darasani.

Kuhusu orodha ya safari hii: Nagona sikuipata, Mzingile niliipata kwa muuza vitabu vikuukuu katikati ya jiji, bila jalada. Pamoja na Peponi, iko kwenye kabati la idara. Atakayeazima aandike jina daftarini.