Kuikagua Shingo ya Pikipiki Kuukuu

Shingo ya pikipiki huwa na beringi mbili, ya juu na ya chini, zinazobeba stelingi na shokapu za mbele. Kwenye Honda CG125 za zamani na nyingi za rika lake, beringi hizo ni gololi huru zinazozunguka kati ya bakuli na koni. Ya chini ndiyo hufa kwanza, maana hupokea kila kishindo cha tairi na iko karibu na maji na vumbi. Pikipiki inayoacha lami na kushika njia za udongo huitesa zaidi, hasa wakati wa masika.

Kwa kuwa safari nyingi stelingi huwa imenyooka, gololi hugonga bakuli mahali palepale. Grisi husukumwa pembeni, chuma hubonyea, na vishimo hujipanga mbele na nyuma ya bakuli. Fundi mvivu hukaza nati, mgongano wa shingo iliyolegea ukanyamaza, mwenye pikipiki akalipa. Vishimo viko palepale, na sasa stelingi ni nzito na pikipiki huyumba ikienda polepole.

Kwa hiyo kazi hupimwa gurudumu la mbele likiwa limeinuliwa, gogo likiwa chini ya injini. Stelingi izungushwe kwa vidole viwili: inatakiwa kwenda laini kutoka mwisho hadi mwisho, bila kunasa katikati, na ikisukumwa kidogo ianguke yenyewe upande wowote. Waya wa klachi uliovutika unaweza kudanganya, basi ulegezwe kwanza. Kisha miguu ya shokapu ivutwe mbele na nyuma, kidole kikigusa maungio ya shingo. Mgongano usiosikika kwenye kidole huenda unatoka ndani ya shokapu zenyewe.

Nati ya duara yenye mikato husema mengi kabla ya chochote kufunguliwa. Makovu ya patasi juu yake yanaonyesha aliyepita hakuwa na spana ya ndoano, na mtu wa namna hiyo mara chache huwa amebadilisha bakuli.

Bakuli likishaoshwa kwa mafuta ya taa, ncha ya kalamu ipitishwe kwenye njia ya gololi. Ikikwama hata kidogo, seti nzima itoke: bakuli, koni na gololi. Gololi mpya juu ya bakuli la zamani ni fedha iliyotupwa. Bakuli jipya livutwe kwa stadi ndefu na washa pana, liingie sawasawa. Likigongwa upande mmoja hukaa mshazari, na hakuna marekebisho yatakayolinyoosha. Grisi ijae kati ya gololi zote.

Ukazaji ndio unaomtofautisha fundi. Nati hukazwa kiasi, stelingi huzungushwa mara kadhaa ili gololi zikae, hulegezwa, kisha hukazwa taratibu hadi mchezo uishe tu. Nati ya juu ikifungwa hubadilisha kipimo hicho, hivyo vipimo hurudiwa, na hurudiwa tena baada ya kilomita mia chache.

Beringi za roli za mshazari hudumu zaidi ya gololi, lakini zikiwa na kimo tofauti na za awali, nafasi ya nati za juu lazima ipimwe kabla ya kununua.