Jeraha la Kweli na Habari ya Uwongo: Uvutaji wa Hisia katika Visa vya Kabambare, Kasongo na Utetera

Utangulizi

Kiswahili kina methali mbili zinazopingana kuhusu habari. Moja husema kwamba njia ya mwongo ni fupi; nyingine husema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ya kwanza humtuliza msikilizaji kwa kumwahidi kuwa uwongo utajifichua wenyewe. Ya pili humtayarisha kuupokea. Maniema ya kusini, nchi ya Kasongo na Kabambare katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na majirani zake, ina visa kadhaa vinavyoitia mashakani methali ya kwanza. Katika visa hivyo njia ya mwongo ilifika hadi kwenye kiti cha utawala, na mara nyingine hadi kaburini.

Makala haya yanachunguza namna habari ya uwongo inavyotumia hisia ili kumshawishi mpokeaji. Mfano mkuu ni kisa cha Kasongo Rushie kilichomo katika tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Kisa hicho kinalinganishwa na habari zilizofika Kabambare mwaka 1871, hukumu ya Gongo Lutete ya mwaka 1893, na uvumi uliozuka wakati wa Ebola mashariki ya Kongo kati ya 2018 na 2020. Hoja inayotetewa ni kwamba habari ya uwongo kwa kawaida haiumbi hisia mpya. Hutafuta jeraha la kweli ambalo mpokeaji tayari analo, hujishikiza hapo, kisha humtaka atende kabla hajauliza.

Katika elimu ya balagha, Aristotle alizitaja njia tatu za ushawishi: tabia ya msemaji, hisia za msikilizaji na hoja yenyewe. Wahakiki wengi huitaja njia ya pili kana kwamba ni udhaifu tu wa watu wasiofikiri. Aristotle mwenyewe alikwenda mbali zaidi. Alishauri kwamba kila hisia ichunguzwe kwa mambo matatu: hali ya yule anayeihisi, mtu ambaye hisia hiyo inamwelekea, na sababu inayoiamsha. Vipimo hivyo vitatu ndivyo vinavyotumika hapa.

Habari za Kabambare, Februari 1871

Kabambare, ambayo David Livingstone aliiandika Bambarre, ilikuwa kituo katika njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kuelekea Nyangwe. Livingstone alifika hapo Septemba 1869. Kwa sababu ya vidonda vya miguu na uhaba wa watu wa kumfuata, mahali hapo palikuwa makao yake hadi Februari 1871. Mwezi huo walifika watu kumi waliotumwa kutoka pwani ili wamtumikie. Walimletea barua moja tu, ilhali nyingine 40 zilikuwa hazikufika. Kisha wakaapa kwamba Konseli wa Uingereza huko Unguja hakuwaagiza wamfuate mbele, bali wamrudishe nyuma kwa lazima.

Dai hilo lilipingana na kazi yenyewe waliyoajiriwa kuifanya. Hata hivyo lilikuwa na nguvu, na vipimo vitatu vinaonyesha kwa nini. Aliyelisikia alikuwa mgonjwa aliyekwisha kungoja kwa muda mrefu katika nchi ya mbali. Aliyelengwa ni John Kirk, mwenzake wa zamani katika safari ya Zambezi, mtu ambaye kuachwa naye kungeuma kuliko kuachwa na mgeni. Sababu nayo ilikuwapo mikononi: barua zilipotea kweli. Upungufu wa kweli ukaazimwa ili kuthibitisha njama ambayo haikuwa na barua wala shahidi asiye na maslahi, maana watu hao hao walikuwa wakidai nyongeza ya ujira.

Livingstone hakurudi nyuma. Baada ya mabishano juu ya ujira aliondoka nao kwenda Nyangwe. Lakini shaka yake juu ya Kirk haikukoma hapo, na malalamiko yake yalijitokeza katika barua zake za baadaye. Inafaa kuzingatia jambo hili: habari iliyoshindwa kutimiza shabaha yake ya kwanza iliweza kuacha sumu katika urafiki. Habari ya uwongo haihitaji kusadikiwa yote ili ifanye kazi.

Mjukuu wa Utetera

Kisa cha Kasongo Rushie kilitokea mwanzoni mwa miaka ya 1870, kabla Tippu Tip hajafanya Kasongo kuwa makao yake makuu. Kwa mujibu wa tawasifu, Tippu Tip alipata habari za mtawala mzee wa Utetera, upande wa magharibi wa Maniema. Zamani, Rungu Kabare, mtawala wa Urua, aliishambulia nchi hiyo na kuchukua mateka. Miongoni mwao walikuwamo wanawake wawili wa ukoo wa utawala, Kina Daramumba na Kitoto, dada zake Kasongo Rushie. Hawakurudi tena.

Msafiri huyo alipokwisha kuisikia hadithi hiyo, akaigeuza kuwa yake. Alidai kwamba babu yake mzaa mama, Habib bin Bushir el Wardi, alifika Urua, akamnunua mmoja wa wanawake hao, akazaa naye binti. Na binti huyo ndiye mama yake. Kwa hiyo mgeni mwenye bunduki alikuwa mjukuu aliyerudi nyumbani. Kasongo Rushie alimpokea kama damu ya dada yake, akamwachia utawala. Pamoja na utawala zikaja pembe za ndovu.

Ufundi wa uwongo huu uko katika uchache wake. Vita vya Urua vilikuwa vya kweli. Utekaji ulikuwa wa kweli. Majina ya wanawake yalikuwa ya kweli, na Habib bin Bushir alikuwa kweli baba wa mama yake Tippu Tip. Kilichozushwa ni fundo moja tu linalounganisha nyuzi mbili. Mpokeaji anayepima habari kwa kuhesabu mambo anayoyatambua angekuta karibu yote ni sahihi.

Hali ya anayehisi ni ya ndugu aliyezeeka bila kujua mwisho wa dada zake. Hisia inamwelekea mtu aliyekufa, ambaye hawezi kukana wala kukiri. Sababu yake ni jina, na jina la aliyepotea likitamkwa na mgeni lina nguvu ya ushahidi. Swali ambalo lingeuvunja uwongo lilikuwa jepesi: nani aliyekupa jina hilo? Lakini mbele ya jamaa waliokwisha kuanza kufurahi, kuuliza hivyo kungeonekana kama kumkana dada mara ya pili. Hivyo hisia haikuondoa akili ya mzee. Ilibadili maana ya kuuliza, hata swali la busara likawa utovu wa heshima.

Inawezekana kupinga usomaji huu. Yawezekana Kasongo Rushie hakudanganyika kabisa. Mtawala mzee aliyekwisha kuonja mashambulizi ya majirani alikuwa na sababu nzuri ya kumtaka jamaa mwenye bunduki, na katika nchi nyingi za Afrika ujamaa umekuwa lugha ya mapatano kati ya wenyeji na wageni. Pingamizi hilo lina uzito, na tawasifu haitoi ushahidi wa kulimaliza. Hata hivyo haliondoi hoja. Kama mzee alichagua kusadiki, bado watu wake walitakiwa wasadiki pamoja naye, na kilichowafanya wasadiki ni msiba wao wa zamani.

Kicheko cha msomaji

Uhakiki wa kisa hiki mara nyingi huishia kwenye werevu wa msimulizi. Husomwa kama ngano ya Sungura au kisa cha Abunuwasi: mnyonge wa nguvu lakini tajiri wa akili anamshinda mkubwa. Usomaji huo unatokana na namna kisa kilivyopangwa. Msimulizi anamfahamisha msomaji kwanza hadithi ya wanawake waliotekwa, kisha anamwonyesha jinsi alivyoitumia. Msomaji anajua kile asichokijua mzee. Anakuwa mshirika katika siri, na malipo ya ushirika huo ni kicheko.

Hapa ndipo uwongo ule unapofanya kazi mara ya pili. Huko Utetera ulivuta hamu ya jamaa waliopotezana. Katika maandishi unavuta raha ya kuwa upande wa mjanja. Kicheko nacho ni hisia, na humzuia msomaji kuuliza swali lake mwenyewe: watu wa Utetera walipata nini? Sungura wa ngano hana bunduki wala msafara wa wafanya biashara ya pembe na watumwa. Kumfananisha Tippu Tip na Sungura ni kumgeuza mwenye nguvu kuwa mnyonge.

Tawasifu hii ilichapishwa na Heinrich Brode mjini Berlin mwaka 1902 na 1903, miaka michache kabla ya kifo cha mtunzi wake mwaka 1905, na ikatolewa tena na W. H. Whiteley mwaka 1958 na 1959 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Thamani yake kwa historia ya nathari ya Kiswahili haina shaka. Lakini ndani yake Kasongo Rushie husema tu kile ambacho msimulizi anamtilia kinywani.

Hofu ya Ngandu, 1893

Miaka 20 hivi baadaye nchi hiyo hiyo ilikuwa uwanja wa vita kati ya Dola Huru ya Kongo na wafanya biashara Waarabu na Waswahili. Gongo Lutete, aliyekuwa chini ya Tippu Tip, alijiunga na jeshi la Dola mwaka 1892, na msaada wake ulichangia kuanguka kwa Kasongo mwezi Aprili 1893. Septemba mwaka huo alishitakiwa uhaini huko Ngandu, kando ya mto Lomami, akahukumiwa na maofisa Wazungu wachache na kupigwa risasi. Daktari Sidney Hinde alitumwa na Kamanda Dhanis kuzuia jambo hilo. Alipofika, hukumu ilikuwa imekwisha kutekelezwa. Katika kitabu chake cha 1897 Hinde alimtetea Gongo Lutete.

Hisia hapa si hamu bali hofu. Walioihisi walikuwa wachache mbali na wenzao. Ilimwelekea mtu aliyekwisha kubadili upande mara moja, na kubadili huko kulikuwa kweli. Shitaka likajishikiza hapo: aliyewaacha Waarabu jana atawaacha Wazungu kesho. Haraka ikafanya kazi iliyobaki. Dola ilishinda vita, na Kabambare ikaanguka Januari 1894. Lakini kifo cha Gongo Lutete hutajwa na wanahistoria miongoni mwa sababu za maasi ya askari huko Luluabourg mwaka 1895.

Uvumi wa wakati wa Ebola

Yaliyotokea karne ya 19 yanasaidia kueleza yaliyotokea karibuni. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa huko Kivu ya Kaskazini. Ilienea Ituri, ikagusa Kivu ya Kusini inayopakana na Kabambare, na hadi ilipotangazwa kwisha mwezi Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Uchunguzi uliofanywa Septemba 2018 mjini Beni na Butembo kwa watu wazima 961 ulionyesha kwamba zaidi ya robo yao hawakusadiki kuwa ugonjwa huo ulikuwapo.

Kulikuwa na uvumi kwamba Ebola ni hila ya siasa au biashara ya wageni. Kuuita uvumi huo ujinga ni kurudia kosa la wanaomcheka Kasongo Rushie. Tangu Oktoba 2014 wakazi wa Beni walikuwa wakiuawa kwa makundi bila ulinzi wa kutosha. Kisha Desemba 2018 uchaguzi wa Beni na Butembo uliahirishwa hadi Machi 2019 kwa sababu iliyotajwa kuwa Ebola na ukosefu wa usalama, ilhali Rais mpya aliapishwa Januari. Siku iliyofuata tangazo hilo, waandamanaji walishambulia kituo cha wagonjwa mjini Beni. Jeraha lilikuwa la kweli. Uvumi ulitoa jibu la uwongo kwa swali la haki: kwa nini leo mnatujali, nasi tulipokuwa tukichinjwa hamkuja?

Hitimisho

Haifai kuhitimisha kwamba kila habari inayogusa moyo ni ya kushukiwa. Mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871 yaliandikwa na Livingstone kwa uchungu mkubwa, na yalitokea kweli. Habari hizo zilisaidia kuamsha shinikizo lililofanya soko la watumwa la Unguja lifungwe mwaka 1873. Hisia si alama ya uwongo. Alama yake ni hisia inayofunga mlango wa swali moja mahususi na kudai tendo papo hapo: kutoa utawala, kumpiga mtu risasi, kuchoma kituo cha tiba.

Mhakiki anayesoma habari za namna hii, ziwe za msafara wa Kabambare au za simu ya mkononi, hana budi kutafuta mambo matatu: jeraha lililoazimwa, fundo lililozushwa, na swali lililokatazwa. Na anayetaka kukanusha uwongo aanze na jeraha. Aliyetaka kumwambia Kasongo Rushie kwamba mgeni yule si mjukuu wake, ilimpasa kwanza akubali kwamba Daramumba alitekwa kweli, na kwamba alistahili kungojewa.