Dakika Moja ya Siki

Siki ya kachumbari haina cha kungoja. Ikipakwa kwenye mlango wa kizazi kusaka dalili za saratani, hungojewa dakika moja kamili, na ndani ya dakika hiyo umo ufundi ambao bado hatujausifu inavyostahili.

Wenyewe ni huu. Muuguzi huingiza spekulamu taratibu, huelekeza taa, hufuta ute kwa pamba, kisha hupaka siki nyepesi ya asilimia 3 hadi 5. Halafu hutazama. Seli zilizoanza kuharibika hugeuka nyeupe. Zilizo nzima hubaki na rangi yake. Lakini si kila weupe ni hatari. Maambukizi ya kawaida nayo huacha weupe, ila huwa hafifu na hauna ukingo. Weupe wa kutiliwa shaka ni mzito, una mpaka bayana, na umeshikana na pale ngozi ya nje ya mlango inapokutana na ya ndani. Kutofautisha weupe na weupe ndiko kunakomtenga fundi na mwanafunzi.

Mkono wa fundi, hata hivyo, hauna kazi kama mwanamke hajapanda kitandani. Kwa hiyo ufundi huanzia mdomoni. Fikiria chumba kidogo cha kliniki mjini Mpanda, mkoani Katavi, Tanzania, msimu wa mavuno. Mama mtu mzima amelala, kanga imemfunika magoti, macho yameganda darini.

"Mama, utasikia ubaridi kidogo. Mpunga mwaka huu umekubali?"

"Umekubali mwanangu, ila kwelea kwelea wametumaliza."

Mama akimaliza kuwalaani ndege, dakika imekwisha. Ameona amepigishwa soga tu. Kumbe muuguzi hakuondoa jicho pale alipopaka.

Katavi ina sababu ya kuuthamini ufundi huu. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16, ndio mkoa ulioongoza nchini kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Anayeanza mapema kujamiiana hukutana mapema na virusi vya HPV, ambavyo Harald zur Hausen wa Ujerumani alivihusisha na saratani ya mlango wa kizazi na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Na saratani yenyewe ina subira. Huchukua miaka 10, hata 20, kukomaa. Waswahili walituasa kuziba ufa, lakini ufa huu hauumi, wala hauonekani mpaka upakwe siki.

Asiyeuona hulipa kwa safari. Mama wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akianza kutokwa damu isiyo ya kawaida, atafika kwanza Mpanda. Akihitaji mionzi, ataelekea Bugando, Mwanza, au atapanda treni kupitia Kaliua na Tabora hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Reli ya Mpanda ililetwa enzi za ukoloni kufuata madini ya risasi. Leo inaweza kumbeba mama aliyeacha shamba na wajukuu, akaenda kutafuta tiba ya ugonjwa ambao ungeweza kumalizwa karibu na nyumbani kwa kifaa cha mkononi kinachounguza seli mbovu kwa sekunde chache.

Bingwa wa saratani za wanawake ana nafasi gani hapa? Tangu Ernst Wertheim alipofanya upasuaji wake maarufu mjini Vienna mwaka 1898, sifa ya bingwa imepimwa kwa kisu. Lakini yupo aliyekipima kipimo hicho upya, naye alifanyia kazi nchi jirani. Dkt. Groesbeck Parham, daktari bingwa kutoka Marekani, alihamia Zambia, na mwaka 2006, pamoja na Dkt. Mulindi Mwanahamuntu, Mzambia, wakaanzisha mjini Lusaka mpango ulioendeshwa na wauguzi. Baada ya siki, muuguzi alipiga picha ya mlango wa kizazi kwa kamera ya kawaida ya dijitali, akaikuza, akamwonyesha mgonjwa mwenyewe. Penye shaka, madaktari nao waliitazama. Jicho la bingwa likafika asikofika bingwa, na mwanamke akakiona kwa macho yake kile alichokuwa akitajiwa kwa minong'ono.

Kuna atakayesema kwamba muuguzi si daktari. Kweli. Siki ina makosa yake pia, na kipimo cha virusi vya HPV ni makini zaidi. Ila kule Mumbai, India, wanawake wa kawaida walifundishwa kwa wiki chache kupima kwa siki. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013, kutokana na utafiti wa wanawake wapatao 150,000, yalionyesha vifo vya saratani hii vimepungua kwa asilimia 31. Hakuna kisu cha bingwa mmoja kilichookoa kiasi hicho.

Ndiyo maana nasema bingwa mkubwa ni yule anayegawa jicho lake. Upasuaji wake bora ni ule ambao haukuhitajika, na hauna kovu la kuonyesha watu.

Tanzania ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima dhidi ya HPV mwaka 2018. Tangu 2024 dozi moja inawatosha wenye miaka 9 hadi 14. Mzazi wa Mishamo, Inyonga au Usevya, mpeleke binti. Nawe mama uliyetimiza miaka 30, au 25 kama unaishi na virusi vya Ukimwi, usingoje damu ikwambie. Nenda ukapimwe. Siki inangoja dakika moja tu.