Kithembe cha Wakamba: Jina, Umbo na Kazi ya Chombo

Katika uchunguzi wa vyombo vya kale, kosa lililo jepesi kutendwa ni kukadiria kazi ya chombo kwa kulitazama umbo lake tu. Kosa la pili, ambalo aghalabu halitajwi, ni kulisikia jina na kudhani kwamba kazi imekwisha kujulikana. Vyombo vya Wakamba wa Kitui na Makueni vyatoa mfano wa makosa yote mawili.

Gogo lililochongwa likawa wazi ndani laweza kuwa vitu vitatu. Likizibwa pande zote mbili na kutundikwa mtini, ni mwatu, yaani mzinga wa nyuki. Likitiwa kifuniko cha ngozi na kuwekwa nyumbani, ni kithembe cha kuhifadhia asali. Likiwambwa ngozi upande mmoja, ni ngoma, nayo pia huitwa kithembe; ndiyo isikikayo katika kilumi, ngoma ya kutibu wenye pepo. Ngozi ikiisha kuoza, hubaki gogo tupu, na gogo tupu halisemi lilikuwa la chakula au la mizimu.

Gerhard Lindblom, Mswidi aliyeandika The Akamba in British East Africa (1920), astahili sifa kwa kuyanukuu majina ya vyombo kwa Kikamba chenyewe, na kwa kuzieleza alama ambazo wenye mali walizitia juu ya mizinga na mishale yao. Hata hivyo, mpango wa kitabu wadhoofisha faida hiyo. Ufugaji wa nyuki umepewa mahali pake, na ngoma mahali pake. Jamaa wawili wa jina moja wametenganishwa, na msomaji hasukumwi kuuliza kwa nini.

Kiswahili chaweza kusaidia hapa. Mzinga ni wa nyuki, na mzinga ni wa vita. Lakini hakuna mwenyeji wa Mombasa adhaniye kwamba mizinga ya Ngome ya Yesu ilirinwa asali. Jina limefuata umbo. Kazi imefichwa katika kitenzi. Mzinga mmoja hurinwa, mwingine hupigwa. Basi swali la kumwuliza mzee wa Kitui si "Hiki ni nini?" pekee, bali "Hiki hufanywaje?" Jibu lake lipimwe kwa mti wenyewe: tundu la nyuki, mabaki ya nta, alama ya mwenyewe, au dalili za mahali ngozi ilipowambwa.

Jambo hili si dogo. Asali ilipikiwa pombe, na pombe hiyo ilikuwa na nafasi katika kuposa. Kibandiko cha makumbusho kikiita chombo hicho ngoma, habari za ndoa zimepotea. Kikiiita ngoma chombo cha asali, wanawake wa kilumi wamenyamazishwa. Mti utaendelea kuhifadhiwa kabatini, lakini kitenzi chake hakihifadhiki ila kwa kuulizwa mapema.